Mwezi wa Macho

Siku Kamati ya Matendo ya Huruma ilipoleta salamu kwamba Jumamosi saa nne itakuja kumtazama mgonjwa, nyumba ya Fundi Paa haikuwa na kikombe hata kimoja. Redio ndiyo ilitangulia kuuzwa, meza ikafuata, kisha kabati likaenda na vyombo vyake ndani. Kilichobaki ni kitanda, godoro lililozama katikati, kigoda cha mama mkwe, na mabakuli matatu ya plastiki. Mawili yalikuwa ya kulia na kunywea. La tatu, la bluu, lilikuwa la kuoshea jeraha, na hilo halikukaribia kabisa yale mengine.

"Watu wa kanisa waje wanywe chai kwenye bakuli kama paka?" aliuliza mama mkwe. "Bora nife kabla hawajafika."

"Mama, hiyo chai yenyewe iko wapi?" aliuliza mkwewe, mke wa Fundi Paa.

"Chai hutafutwa. Heshima ikishapotea haitafutwi."

Mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Dobi. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikumbukwa na mumewe peke yake, tena akiwa amekasirika. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni. Kila kitu duniani alikipima kwa mashuka. Kilo ya unga ilikuwa mashuka sita. Dawa ya maumivu ya mumewe, mashuka tisa. Na ile amana ambayo hospitali iliitaka ndipo mguu upasuliwe alishaipigia hesabu mara nyingi akiwa amesimama mbele ya karai, na kila mara jibu likaja lile lile: mashuka elfu moja na mia mbili. Kwa siku alifua thelathini.

Mumewe alianguka kutoka juu ya paa wiki tano zilizopita. Bati lilimfuata huko huko chini, likampasua muundi hadi mfupani. Jeraha lilifungwa, likafunguka, likafungwa tena. Mara ya mwisho daktari aliuinamia mguu kwa muda mrefu, kisha akasema maneno yaliyoeleweka na kila mtu: mfupa umepasuka, usaha umeingia ndani, usafishwe na kutiwa chuma kabla ya tarehe tano. "Zaidi ya hapo," alisema, "sumu ikiingia kwenye damu haina breki."

Ndiyo maana ule ujio wa kamati haukuwa ujio wa chai. Kila mwaka kanisa lao lilikuwa na mwezi mmoja ulioitwa Mwezi wa Macho. Katika mwezi huo Mchungaji alihubiri jambo moja tu, kwamba Bwana hupita katikati yetu kwa sura ya mwenye njaa, ya mgonjwa, ya mfungwa, na sisi tunamruka tukikimbilia ibada. Basi kila muumini alitakiwa afungue macho juma zima la kwanza, na akimtambua mhitaji aliandike jina lake kwenye kikaratasi, akitie kapuni. Kamati iliwatembelea walioandikwa, ikaona kwa macho, ikajaza fomu. Jumapili ya mwisho msaada ulitolewa. Wadogo walipata unga na mablanketi, na mmoja, yule ambaye kamati ingeona kazidiwa kuliko wote, alipewa mfuko mkubwa. Mfuko huo ulitosha mguu.

Mtu fulani alikuwa amemwandika Fundi Paa. Nani, hawakujua.

"Tuwaonyeshe nyumba kama ilivyo," alisema Dobi. "Wanakuja kuona shida, mama. Tuwape waione."

Mama mkwe alimgeukia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyekuwa na gauni moja la kanisani na akalivaa kama mwenye kumi. "Mwanangu, hao ni wageni wa Mungu. Mgeni haonyeshwi uchi wa nyumba. Tukiwapokea vizuri wataona tuna adabu, na mwenye adabu ndiye anayesaidiwa. Nani anampa mtu mchafu?"

Hapo sasa. Ukibishana na mama mkwe unabishana na ukuta, na ukuta huo ndio unaokusitiri. Dobi akajifunga kanga, akatoka kwenda kuazima.

Mama Vyombo aliishi chumba cha mwisho uani. Ndiye pekee aliyekuwa na seti kamili ya vikombe, sita vya udongo na visahani vyake, vyenye maua ya bluu ubavuni. Havikuwa vyake peke yake, ukiangalia vizuri. Mtaa mzima uliviazima, kwa posa, kwa ubatizo, kwa mgeni wa ghafla. Na kwa kuwa watu ni watu, kila kimoja alikitia nukta ya rangi ya kucha nyekundu chini ya kitako, asije akarudishiwa cha mwingine.

"Chukua vyote," alisema. "Na sukari hii hapa. Lakini mwenzangu, nikuambie kitu? Mficha uchi hazai."

Kumbe mama mkwe alikuwa mlangoni, amemfuata mkwewe kimya kimya kuhakikisha haazimi vibaya. "Mimi nimezaa saba," alisema, "na uchi wangu hajauona mtu. Ongeza na hicho kitambaa cha meza."

"Cha meza gani, bibi? Meza mliuza."

"Basi tuazime na meza."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha kweli, cha kushika mbavu. Meza ikaazimwa kwa fundi viatu, makochi mawili kwa mwalimu wa jirani. Harufu ndiyo ilimshinda Dobi. Jeraha lilikuwa limeanza kunuka, harufu tamu, nzito, isiyotoka hata ukifungua dirisha. Asubuhi ile ya Jumamosi, alipokuwa akikunja mashuka ya nyumba ya wageni aliyoyaleta nyumbani kuyapiga pasi, alichukua manne, meupe kama unga, yananukia sabuni. Akamfunika mumewe moja juu ya jingine, akayachomeka chini ya godoro pande zote kama alivyofundishwa na meneja.

"Nitaoza humu kama mkate," alisema Fundi Paa.

"Vumilia saa moja tu. Wakikuuliza, sema ukweli."

"Nitasema."

* * *

Walikuja watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwema ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kuwa zito, kwa hiyo aliongea kwa sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Mama Mchungaji alibeba Biblia na mkoba. Katibu alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke mpole, mjane, mwenye futi ya kushonea iliyoning'inia shingoni hata siku za wikiendi. Ndiye aliyebeba fomu.

"Hodi, hodi wenye nyumba!"

"Karibuni! Karibuni ndani, karibuni sana!"

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Wakaketi kwenye makochi ya mwalimu. Chai ikamiminwa kwenye vikombe vya Mama Vyombo, juu ya kitambaa cha Mama Vyombo, juu ya meza ya fundi viatu. Mama mkwe alihudumu kwa magoti, akitabasamu, na Dobi alipomwona hivyo aliona fahari, kisha akaogopa ile fahari.

"Fundi!" alinguruma Mwenyekiti. "Habari za kuugua?"

"Nzuri tu, Mwenyekiti. Namshukuru Mungu."

"Eeh, naona! Umelala kwenye mashuka kama mbunge aliyestaafu!"

Wakacheka. Fundi Paa naye akacheka, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Mama yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akimtazama, mikono kaikunja kifuani, kama alivyokuwa akimtazama utotoni mbele ya walimu.

"Na mguu?"

"Unakwenda vizuri. Siku mbili tatu nitarudi juu ya paa."

Dobi alitaka kusema. Wallahi neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mwanamume amesema mguu wake unakwenda vizuri, tena mbele ya mamaye, mkewe aseme nini? Akaongeza chai. Katibu alikuwa wa kwanza kumaliza. Aliinua kikombe hadi tone la mwisho, akakitazama chini, akakirudisha polepole kwenye kisahani. Akageuza uso akatazama kitanda kwa muda mrefu. Kisha akaomba asiongezewe.

"Sasa tujaze karatasi," alisema Mwenyekiti. "Swali la mwisho. Hitaji kuu la familia ni lipi?"

Mama mkwe akamtazama Dobi.

"Mtuombee tu, Mwenyekiti," alisema Dobi.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiyejua atamcheka. Pale mtaani hitaji haliulizwi mara moja. Ukiulizwa mara ya kwanza unasema hakuna neno, mtuombee tu. Muulizaji anasema, hapana, sema, sisi ni ndugu. Unasema, ah, ni vijimambo. Mara ya tatu ndipo unafungua kinywa, na hapo hujaomba, umelazimishwa. Hivyo ndivyo watu wanavyosaidiana bila kuvuliwa nguo. Dobi alisema lake la kwanza na akangoja la pili, neno "upasuaji" tayari limekaa ulimini.

Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu.

"Maombi," Mwenyekiti alimwamuru Katibu. "Andika, maombi."

Kalamu ya Katibu ilisimama hewani kidogo. Kisha akaandika. Wakasimama, wakashikana mikono kukizunguka kitanda, Mama Mchungaji akaomba vizuri sana, hadi akalia. Wakaaga. Wakaondoka.

Mlango ulipofungwa Fundi Paa akasema, "Nitoeni haya mashuka, nakufa." Shuka la ndani kabisa lilikuwa limeshika jeraha, likatoka na ngozi.

* * *

Kesho yake kanisani majina yalisomwa. Mfuko mkubwa alipewa mzee mmoja na mkewe waliobomokewa na ukuta, wakawa wanalala chini ya turubai. Walistahili. Dobi aliwapigia makofi kama wengine, na hakuwachukia, alijaribu, akashindwa. Zikafuata familia za unga, kisha za mablanketi. Mwisho kabisa Katibu alisoma, kwa sauti iliyosikika kwa shida, wale walioomba kuombewa. Lilikuwa jina moja.

Watu mia tatu wakasimama, wakanyoosha mikono upande alipokaa. Dobi akainamisha kichwa, kisha akainua macho juu, akayaona mabati. Mumewe ndiye aliyeliezeka lile kanisa, Jumamosi kumi na moja, bila ujira.

Alipomsimulia nyumbani, Fundi Paa alitabasamu. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Basi hayo maombi yamepita karibu na misumari yangu," alisema. Baadaye akasema, "Ungewaonyesha mguu."

"Wewe mwenyewe ulisema siku mbili tatu."

"Mama alikuwa ananitazama."

"Na mimi alikuwa ananitazama."

Mama mkwe alikuwa nje akichambua mchicha. Walimsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa furaha, maana watu watatu wa kanisa walikuwa wameingia nyumbani kwake na hawakukuta aibu. Hawakuwa na moyo wa kumwambia.

* * *

Jumatatu Dobi alikwenda dukani kwa Mwenyekiti. Alikuta wateja. Akaambiwa asubiri, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akawapisha wa misumari, akawapisha wa rangi, akampisha mtu aliyekuja kuuliza bei tu. Wawili kati ya wateja walikuwa mafundi wa paa, waliowahi kufanya kazi na mumewe. Walimsalimia kwa heshima: vipi jamaa, mwambie tunamsubiri.

"Mama Dobi!" Mwenyekiti akaita hatimaye. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Akasogea karibu na kaunta. "Mwenyekiti, nimekuja kuhusu ile fomu. Mguu una hali mbaya. Daktari ametaka apasuliwe kabla ya tarehe tano."

"Mbona Fundi alisema unakwenda vizuri?"

"Alikuwa anaona haya."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, kanisa limenituma niwe macho yake. Nilipoingia kwenu niliona makochi. Niliona vikombe vya udongo, mashuka ambayo mimi mwenyewe kwangu sina. Nyumba nyingine tuliyokwenda walitupa maji kwenye kopo la rangi. Sasa macho yangu yaseme nini?"

Dobi akashusha sauti. "Viliazimwa, Mwenyekiti."

"Nini?"

"Vile vitu. Viliazimwa."

"Ati VILIAZIMWA?"

Duka zima likageuka. Mafundi wale wawili wakayatazama mabati kwa bidii, kama ndiyo kwanza wanayaona. Mwenyekiti hakuwa na nia mbaya, sikio tu. Lakini Dobi alihisi uso unamwaka hadi masikioni.

"Hamna neno, Mwenyekiti," alisema. "Basi."

"Ngoja, ngoja kwanza. Fedha imeshatoka, mama, mfuko hauna kitu mpaka miezi mitatu. Ila nitaliweka jina lako juu kabisa, wa kwanza. Unanisikia?" Akafungua droo, akatoa noti mbili, akamkunjia kiganjani. "Ya nauli."

Ilikuwa mashuka kumi na nane. Dobi alishukuru kwa kupiga goti, akatoka. Barabarani akagundua kwamba alikuja kwa miguu na angerudi kwa miguu, na machozi yalipomtoka hakujua analilia lipi, goti au noti.

Wiki hiyo hiyo meneja wa nyumba ya wageni alimwita stoo. Alikuwa ametandaza shuka mezani. Dobi alikuwa amelifua mara nne, akaliloweka kwenye dawa, akalianika juani siku mbili, lakini doa la manjano lenye ukingo wa kahawia lilikuwa bado pale katikati.

"Hili ni nini?"

"Nitalilipa, bosi."

"Sikuulizi kulilipa. Mgeni amelalia kitu hiki. Nakuuliza ni nini."

Meneja akalinusa, akalitupa chini, akamwambia aache ufunguo wa stoo.

* * *

Tarehe tano ilikuja na ikapita kama siku nyingine. Tarehe nane Fundi Paa alianza kuongea na watu waliokwisha kufa, akiwaambia washike ngazi vizuri. Majirani walimbeba juu ya mlango wa jirani uliong'olewa, Mama Vyombo akitangulia kufukuza watu njiani kwa matusi. Hospitali daktari yule yule alifunua mguu, akaufunika.

"Nilisema tarehe tano," alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka.

"Tulisikia, daktari."

"Sasa mbona..."

Akaacha swali katikati, akaandika kitu kwenye cheti, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Fundi Paa alifariki kesho yake adhuhuri, mkewe akiwa ameushika unyayo wa ule mguu wake mzima.

Jamani, kanisa linajua kuzika. Kabla jua halijatua turubai lilikuwa limesimama uani, viti mia moja vimepangwa, masufuria makubwa yako jikoni, akina mama wanachambua mchele. Kwaya ikaja na sare. Mwenyekiti alileta jeneza lenye vishikio vya shaba, akalia kwa ile sauti yake kubwa hadi watoto wakaogopa. Kapu la rambirambi lilipita mara mbili. Siku ya pili Mama Mchungaji alimletea Dobi bahasha ndani, akamkumbatia. Dobi hakuzihesabu fedha. Aliipima bahasha kiganjani tu, na kiganja kilichopima fedha kwa mashuka miaka kumi na minane hakikosei. Ilipita elfu moja na mia mbili. Ilipita kwa mengi.

Akaiweka chini ya godoro, akaenda kuosha vyombo, kwa sababu vyombo vilikuwa vichafu.

* * *

Walikuwa wameviazima tena vile vikombe sita, kwa ajili ya wazee wa kanisa. Dobi aliviosha uani kwenye karai, Katibu akaja kukaa kando yake na kitambaa, akawa anavifuta. Katibu akakipindua kikombe, akakipitisha kidole kitakoni, kwenye ile nukta nyekundu.

"Mimi ndiye niliyewaandika," alisema.

"Wapi?"

"Kapuni. Nilikuona sokoni unachuma majani ya kabichi yaliyotupwa. Nikaandika jina la mumeo."

Dobi aliendelea kusugua.

"Na siku ile tulipokuja," Katibu akasema, na sauti ikaanza kumpasuka, "niliiona hii alama. Naijua. Mwaka juzi walipokuja kumposa binti yangu, niliviazima vikombe hivi hivi. Na mashuka niliyajua ni ya kazini kwako, mimi ndiye ninayeyapiga pindo. Na harufu niliisikia, dada yangu. Nilisikia yote."

Maji ya karai yakatulia.

"Ukanyamaza," alisema Dobi.

"Nilidhani nakusitiri. Mama mkwe wako alikuwa amefurahi vile. Nikajiambia, nikifungua kinywa nitamvua mwenzangu nguo mbele ya wanaume. Mimi mwenyewe ningekufa kwa aibu kama mtu angenifanyia hivyo."

Dobi akakitoa kikombe cha mwisho majini, akakitazama kama anatafuta ufa. Hakupiga kelele. Angekuwa na nguvu angepiga.

"Ungenivua tu," alisema. "Nguo si huvaliwa tena?"

Katibu akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

Chini ya turubai Mwenyekiti alikuwa amesimama, akiwa na fomu mpya mkononi, maana alikuwa mtu wa ahadi na alisema jina lao litakuwa la kwanza. Aliinama mbele ya mama mkwe, aliyekaa kwenye kigoda chake na gauni lake la kanisani, mkavu, macho makavu. Tangu juzi hakuwa ametoa chozi mbele za watu. Kaburini alisimama wima kama nguzo, na watu walimsifu.

"Bibi," alisema Mwenyekiti, "kanisa lipo pamoja nanyi. Sema bila hofu. Mnahitaji nini?"

"Maombi tu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mungu awabariki, hatuna shida."

Wazee wakaitikia amina. Dobi akasimama. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Alipita katikati ya viti, watu wakimpisha wakidhani anakwenda kulia, akaushika mlango wa chumba chao akausukuma hadi ukagonga ukuta, na kila aliyekaa upande ule akaona ndani: kitanda, godoro lililozama lenye doa, bakuli la bluu, na sakafu tupu.

"Katibu," aliita. "Njoo uandike."

"Mwanangu," alisema mama mkwe. "Mwanangu, watu wapo."

"Andika godoro, huyu mama analala chini. Andika unga. Leo mmekula kwa sababu mmeleta wenyewe. Andika mimi sina kazi, nimefukuzwa kwa sababu ya shuka, shuka lenyewe mliliona, mkalisifu. Andika kodi ya chumba miezi minne. Andika huyu mama ana gauni moja tu, hilo mnaloliona, analifua Jumamosi na kukaa amejifunga shuka hadi likauke."

"Mkwe wangu, nakuomba," alisema mama mkwe. "Nakuomba, kwa Mungu."

"Na kabla ya hayo yote, juu kabisa, andika upasuaji wa mguu, kabla ya tarehe tano. Hilo liwe la kwanza, Mwenyekiti. Najua imepita. Andika."

Mwenyekiti alisikia kila neno, hata kwa sikio lile. Mama mkwe alijishika gauni kwa mikono miwili, akalivuta magotini kama linafunuliwa, kisha akalia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, hivyo ambavyo hakumlilia mwanawe, na akina mama waliomkimbilia aliwasukuma kwa viwiko asiguswe. Dobi alimtazama. Alitaka kwenda kumshika, na miguu haikwenda.

Katibu alikuwa ameichukua fomu mkononi mwa Mwenyekiti, ameketi chini, ameiweka juu ya paja. Ule mstari mmoja ulikuwa umejaa kwenye neno la pili. Akaigeuza karatasi, akaanza kuandika upande wa nyuma.